Siku ya Kumwamsha Lusweti

1

Siku ya Kutazama, serikali hutupikia chai. Chai ya maziwa, nzito, na mandazi ya moto. Tukishashiba tunapangwa foleni mbele ya vioo, kila familia na kioo chake. Nyuma ya kioo changu alikuwa amelala Lusweti, mtu aliyemuua mwanangu Khisa, na alikuwa amependeza.

Sijakosea neno. Alikuwa amependeza. Miaka mitano tangu alazwe, na shavu lake halikuwa na kunyanzi hata moja. Ndevu hazikuwa zimeota. Uso umetulia kama wa mtoto aliyenyonya akashiba. Mimi kwa miaka hiyohiyo nimeng'olewa meno, goti limekataa kukunjika, na usingizi wenyewe naupata kwa kuubembeleza. Mtu angepita pale asijue habari zetu, akaambiwa kati ya sisi wawili mmoja anaadhibiwa, angeninyooshea mimi kidole.

"Umeridhika, mama?" akaniuliza daktari wa zamu, binti mrefu aliyeitwa Chelagat. Lazima watuulize hivyo. Ni amri.

"Niridhike na nini?"

"Kwamba haki inatendeka."

"Daktari, mimi naona mwanamume mzima amelala mchana kweupe. Kwetu huyo tunamwita mvivu. Hatumwiti mfungwa."

Watu wa foleni wakacheka. Nina sauti ya kinu mimi. Nimesaga unga wa wenzangu miaka mingi, na ukizoea kuongea juu ya kelele za mashine hujui tena kunong'ona. Chelagat hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma vipimo vya kwenye kioo.

Jina la mahali pale ni Hifadhi ya Taifa ya Wafungwa. Sisi tunapaita Friji. Walichimba ubavuni mwa mlima, wakajenga vyumba kama masega ya nyuki, na katika kila kitundu wakamlaza mtu. Wataalamu walijifunza kwa vyura wa nchi za baridi, wale wanaoganda msimu wa theluji na kuzinduka jua likiwaka. Hutoa damu ya mtu pole pole, wakaweka mahali pake maji mazito ya rangi ya bluu ambayo hayagandi, na moyo ukasimama bila kufa. Hali, hanywi, haoti ndoto. Hukumu ikiisha wanamrudishia damu, anaamka, anakwenda zake. Magereza ya zamani yalifungwa yote, na moja, nasikia, siku hizi ni hoteli.

Lusweti alipewa miaka arobaini. Atakapoamka atakuwa kijana wa umri uleule, na mimi nitakuwa udongoni zamani sana. Hilo peke yake ningelimeza. Lisilomezeka ni hili: Lusweti ndiye mtu pekee duniani anayejua alikoiweka maiti ya mwanangu, na hakuna aliyemuuliza.

"Mwamsheni kidogo tu," nikamwambia Chelagat. "Nina swali moja. Akishanijibu mrudisheni alale hadi achoke."

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtu.

"Mama, hawakumuuliza mahakamani?"

"Wamuulize wapi? Mnahukumu watu kama mnachapa tiketi."

2

Mkuu wa Friji aliitwa Bwana Kariithi. Ofisi yake ilikuwa na joto zuri, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa adabu, wa kukuvutia kiti. Watu wa namna hiyo hunichosha haraka. Ukimkasirikia unaonekana wewe ndiye huna malezi.

Alifungua habari za kesi yetu kwenye kioo cha ukutani, akazisoma, uso ukamkunjuka.

"Lakini mama, mwanao alizikwa. Hapa Mizani inaonyesha maziko yalifanyika, kaburi lina namba, chifu alitoa kibali."

Mizani ndiyo mashine inayohukumu. Ilishika kazi ya majaji kwa sababu haichoki wala haili rushwa, na kesi inayomaliza ndani ya saa moja zamani ingekula miaka.

"Tulizika mgomba," nikasema.

"Samahani?"

"Mgomba, baba. Mti wa ndizi."

Ikabidi nimweleze, mtu mzima mwenye elimu yake. Kwetu mtu akipotea, akatafutwa hata watu wakakata tamaa, hukatwa mgomba wa urefu wake, ukavikwa nguo zake, ukawekwa jenezani na kuzikwa kwa heshima zote. Khisa alipotea akitoka sokoni. Tulimtafuta hospitali, mitoni, vituo vya polisi. Mwishowe wazee wakasema dada yake hawezi kuolewa na nyumba haiwezi kutulia huku kaka mtu anatangatanga bila kaburi. Basi tukauvika mgomba koti lake la bluu. Nililia juu ya ule mgomba hadi nikapoteza sauti. Chifu akaja, akaona jeneza, akaona watu wanalia, akaandika: amezikwa. Ndivyo alivyozoea. Hakuna aliyefikiri kuiambia mashine ya Nairobi kwamba kuna kuzika na kuzika.

Mwaka uliofuata simu ya Khisa ikapatikana kwa Lusweti, rafiki yake wa tangu utotoni. Polisi wakamchukua asubuhi. Mizani ikamuuliza kama alimuua Khisa, akasema ndiyo. Ikaangalia kama kuna lililobaki la kuulizwa, ikaona marehemu ana kaburi, ikafunga kesi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nilifika mahakamani nimelowa hadi mifupani, nikaambiwa mshtakiwa ameshachomwa sindano, ameshakuwa wa bluu.

Bwana Kariithi alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akapumua.

"Pole sana, mama. Hili ni kosa la bahati mbaya. Ila sheria haituruhusu kumwamsha mtu kwa ajili ya swali. Maji haya ini la binadamu linayahimili mara moja tu. Akiamka hawezi kulazwa tena, atakufa. Na magereza mengine hatuna. Kwa hiyo kuamshwa ni kuachiliwa. Kumwachilia kabla ya wakati kuna njia moja tu: familia ya marehemu iseme imesamehe."

"Yaani nikitaka mifupa ya mwanangu, nimpe muuaji wake uhuru."

"Mimi singeliweka hivyo."

"Uliweke vipi sasa? Liweke, nisikie."

Sikumpa nafasi. Nikafoka, maana nilikuwa nimelibeba jambo hili miaka mitano na halikuwa limepata pa kumwagwa.

"Hebu niambie, Bwana Kariithi, huyu mmemfunga ya nini? Nataka kujua kweli. Ili aumie? Haumii, halali hata vibaya. Ili ajirekebishe? Atajirekebisha vipi na hafikirii chochote? Mtakayemwamsha baada ya miaka arobaini ni yuleyule wa siku mliyomlaza, hajaongezewa hata wazo moja."

"Jamii inakuwa salama, mama. Akiwa humu hawezi kumdhuru mtu mwingine." Sauti yake ilikuwa na huruma, na aliamini anachosema. "Wewe hukuyaona magereza ya zamani. Baba yangu alikuwa askari jela. Watu wamelala ubavu kwa ubavu sakafuni, uji una wadudu, kijana anaingia kwa kuiba kuku anatoka jambazi. Tulisema basi. Tukatafuta adhabu isiyomtesa mtu. Nchi nyingine zinakuja kutuiga."

"Haimtesi mtu? Mimi ni mti?"

"Sikumaanisha..."

"Umemaanisha. Mmeondoa mateso kwake mkayahamishia kwangu, kisha mkanipa chai. Yeye amelala, mimi niko macho. Mnamhifadhi kama nyama, na deni lake kwangu mmelifungia humo ndani pamoja naye. Hamkumfunga Lusweti. Mmelifunga jibu langu!"

Nilipiga meza. Kalamu zikaruka. Bwana Kariithi akaziokota moja moja bila kunitazama, na nilipoinuka kutoka alikuwa bado anazipanga.

3

Binti yangu Nanjala alinikuta kinuni, akazima mashine mwenyewe ili nimsikie vizuri.

"Mama, nimesikia unataka kumsamehe."

"Umesikia vibaya. Nataka kumwamsha."

"Si ni kitu kimoja?"

"Kwao."

Alikuwa amefumbata leso mkononi hadi vidole vimekwajuka. Nanjala na kaka yake walipishana kidogo tu. Walipigana kwa ajili ya kila kitu na hawakuachana hata siku moja. Lusweti alikula kwenye sufuria yetu. Alikuwa anamwita Nanjala dada.

"Mimi nalala usingizi kwa sababu yule amelala," akasema. "Unajua? Nikifunga mlango najua yuko kule mlimani, hawezi kuufungua. Sasa wewe unataka nikutane naye sokoni ananunua nyanya. Aniamkie. Niitikie nini? Mama, acha mfu apumzike. Tulimzika."

"Tulizika ndizi, Nanjala."

"Tulilia machozi ya kweli!"

Hapo alinikata maini. Ni kweli tulilia machozi ya kweli. Lakini kila nikipita kwenye lile kaburi nyuma ya nyumba, nikaona majani ya mgomba yamechipua, maana hata jeneza halikuuzuia kuota, nahisi ninachekwa. Mwanangu hayuko pale. Yuko mahali fulani amelala bila hata shuka, na mtu anayejua ni wapi ametunzwa kama mboga ya thamani.

"Ana haki ya kukaa humo," Nanjala akasema kwa sauti ya chini. "Alimuua kaka. Akitoka leo, damu ya kaka imekwenda bure."

Nasema kweli, hata leo sijui kama alikosea. Nilimwambia tu kwamba mimi nitakufa, naye atakufa, na Lusweti ataamka kijana katika nchi isiyo na hata mtu mmoja anayemkumbuka Khisa. Atatembea mlangoni mwa Friji akiwa mtu safi, amelipa. Amemlipa nani? Nani atakuwa hai wa kusema nimepokea?

Nanjala akaiwasha mashine kwa hasira, ikanguruma, mazungumzo yakaishia hapo.

4

Mizani ya kwetu inakaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya chifu. Ni kiti, kioo, na sauti ya mwanamke mpole. Chelagat alikuja kushuhudia; alisafiri kutoka mlimani kwa hiari yake.

"Bi Nafuna, mama mzazi wa marehemu Khisa," ikasema sauti. "Je, umemsamehe mfungwa Lusweti? Jibu ndiyo au siyo."

"Kwanza nataka ieleweke kwamba..."

"Jibu ndiyo au siyo."

"Nataka kueleza. Kuna jambo hamjui. Kaburi lile..."

"Jibu ndiyo au siyo."

Nikamgeukia Chelagat. "Haina sikio hii?"

"Ina sikio, mama. Inasikia kama umetishwa au umelewa. Mengine haiulizi."

Nikafahamu basi jinsi ilivyokuwa siku ile ya hukumu. Nilikikalia kiti kilekile, au ndugu yake, alichokikalia Lusweti. Nilikuwa na mambo chungu nzima ya kusema, na mashine ilikuwa na nafasi ya neno moja. Hasira ilinishika, si kwa Lusweti pekee, bali pia kwa waliokaa mahali pazuri wakaamua kwamba maisha ya watu yanaingia katika tundu dogo namna hii.

"Ndiyo," nikasema.

Nilisema uongo. Sikuwa nimesamehe hata unywele mmoja. Sauti ikanishukuru kwa moyo wangu mkuu, ikanitakia mchana mwema.

5

Walimwamsha siku ya tatu yake, asubuhi. Waliniruhusu kuingia kwa sababu Chelagat alisisitiza. Bwana Kariithi alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mgumu. Njia nzima nilijipanga: akikataa kusema nitafanyaje, akinicheka nitafanyaje. Nilikuwa na matusi ya akiba.

Maji ya bluu yalitoka, damu ikaingia, na rangi ya mtu ikarudi kuanzia miguuni. Akakohoa. Akafungua macho. Na jambo la kwanza lililomtoka Lusweti kabla hata ya neno ni machozi. Chelagat alinieleza baadaye kwamba ni yale ya siku ile ya mahakamani. Alilazwa akiwa analia, kilio kikagandishwa kati, na sasa kilikuwa kinaendelea kilipoishia.

"Amefika?" akauliza. "Mama Khisa amefika? Wamesema barabara imekatika."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Nimefika," nikasema.

Akageuza kichwa, akanitazama, akatazama nywele zangu, mdomo wangu, fimbo yangu. Hofu ikamwingia.

"Mama, mbona umezeeka hivi? Nilikuona juzi."

Nilimwona anahesabu kwa macho, akitoka kwangu hadi kwa daktari, akirudi kwangu, na polepole akaelewa. Akaanza kuvuta pumzi kama aliyekimbia.

"Niliwaambia wangoje," akasema. "Niliwaambia, ngojeni mama yake afike, nimwonyeshe alipo. Ile sauti ikasema jibu ndiyo au siyo. Nikasema ndiyo, lakini ngojeni. Wakanishika mkono. Mama, niliwaambia."

Miaka mitano. Miaka mitano nimemchukia mtu huyu kwa kunificha mwanangu, nimemlaani nikila na nikilala, na siku ileile ya kwanza alikuwa amefungua mdomo aseme. Wao ndio walioufunga. Waliufunga kwa sindano, kwa sheria, kwa utu wao wote, wakaandika kwamba haki imetendeka. Nilimgeukia Bwana Kariithi. Alikuwa ameangalia sakafu.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Kaa nalo."

Kisha nikamuuliza Lusweti swali langu.

"Machimbo ya murram," akasema. "Yale ya zamani, upande wa mwamba. Tuligombana kwa neno la kilevi, nikamrushia sepetu, sikutaka... Nilimfukia. Niliogopa."

Machimbo ya murram, ule udongo mwekundu wa kutengenezea barabara, yako njiani kuelekea sokoni. Nilipita pale kila siku ya soko na punda wangu na magunia yangu. Mara nyingine nilikaa juu ya ule mwamba kupumzisha goti.

6

Gari la serikali lilitufikisha machimboni, mimi, Lusweti na Chelagat, kisha lilitakiwa kumpeleka Lusweti popote anapotaka. Hiyo nayo ni haki ya aliyesamehewa. Dereva alituambia atasubiri na injini ikiwaka, tusichelewe.

Nanjala alikuwa amefika kabla yetu. Nilimpigia simu kumwambia mahali, lakini sikumwita. Alisimama ukingoni, shuka jeupe limekunjwa kifuani, na hakumtazama Lusweti hata mara moja.

Lusweti alitembea kama mlevi. Miguu ilikuwa haijamzoea. Alitafuta, akaukuta mwamba, akahesabu hatua kwa midomo bila sauti. "Hapa," akasema. Ardhi ilikuwa ngumu, imeota nyasi, hakuna ambacho kingekuambia chochote.

Nilikuwa nimekuja na jembe langu. Nikalisimamisha kati yetu.

"Lusweti, nisikilize. Mimi sikukusamehe. Nilidanganya ili uamke. Serikali inasema umemaliza, huna deni na mtu, na gari lako lile pale. Ukipanda hakuna atakayekushika, wala mimi."

Alitazama gari. Sitamsingizia, alilitazama kwa muda mrefu. Mlango ulikuwa wazi na dereva alikuwa akipiga usukani kwa vidole.

Halafu akavua shati walilompa Friji, lile jipya lenye mikunjo ya dukani, akaliweka juu ya mwamba, na kulichukua jembe.

Alichimba jua likiwa utosini. Viganja vilikuwa laini, vikapasuka upesi, damu ikapaka mpini. Hakuna aliyempokea jembe. Dereva alizima injini, akashuka, akavua kofia. Chelagat aliketi chini na koti lake jeupe kwenye vumbi jekundu.

Jembe lilipogusa kiatu, Lusweti alisimama. Kilikuwa kiatu cha kushoto cha Khisa, nilichokinunua mwenyewe, soli bado imeshika. Alikitazama, na nikauona uso wake ukibomoka, ukazeeka mbele yangu, miaka yote ile iliyoshindwa kumgusa kule mlimani ikimwangukia kwa pamoja. Jembe likamtoka. Akapiga magoti, akaziba macho kwa mikono yenye damu.

"Siwezi, Mama. Siwezi kuona. Nirudisheni mkanilaze."

Nanjala alishuka shimoni. Nilidhani atampiga. Alilitandika shuka ukingoni, akalinyoosha pembe zote, kisha akaliokota jembe na kumwekea mkononi, akavikunja vidole vyake juu ya mpini kimoja kimoja.

"Fungua macho," akamwambia. "Chimba."